Karatasi moja dhidi ya dakika nane: tunavyoikosea kesi ya "Stairway to Heaven"

Juni 16, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa dhidi ya Ed Sheeran, na mvutano wa miaka mingi kati ya wimbo wake "Thinking Out Loud" na "Let's Get It On" ya Marvin Gaye ukafika mwisho. Tangu hapo wapenzi wa gitaa wamerudi kwenye ubishi wao wa zamani, kwa sababu msimamo uliomnusuru Sheeran, kwamba ulinzi wa tungo za zamani unaishia kwenye karatasi ya noti iliyowasilishwa, ndio uliowanusuru Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza, miaka mitano kabla yake, waliposhtakiwa kwamba mwanzo wa wimbo wao "Stairway to Heaven" ulichukuliwa kutoka "Taurus" ya kundi la Spirit. Wapo wanaosema mahakama zimehalalisha wizi wa muziki. Wapo wanaosema imethibitika kwamba Jimmy Page, mpiga gitaa wa Zeppelin, hakuchukua kitu cha mtu. Wote wanaisoma vibaya hukumu. Ninavyoona mimi, Page na mwimbaji Robert Plant walistahili kushinda, lakini kipimo kilichowapa ushindi ni kibovu, na wapiga gitaa ndio kinaowaumiza zaidi. Tena pande zote mbili zinaitafuta thamani ya "Stairway to Heaven" kwenye mapigo machache ya mwanzo, mahali ambapo ipo kidogo sana.

Tuanze na kesi yenyewe. "Taurus" ni kipande kisicho na maneno, cha dakika 2 na sekunde 37, kilichotungwa na Randy California, jina lake la kuzaliwa likiwa Randy Wolfe, mpiga gitaa wa kundi la Spirit la Los Angeles. Kilitoka kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1968. Randy alifariki Januari 1997, alipozama baharini huko Hawaii akimwokoa mwanawe, na katika uhai wake hakufungua kesi. Mei 2014 mdhamini wa mali zake ndiye aliyeshtaki. Juni 23, 2016, baraza la waamuzi raia mjini Los Angeles liliamua kwamba nyimbo hizo mbili hazifanani kiasi cha kuwa kosa. Septemba 2018 majaji watatu wa rufaa waliufuta uamuzi huo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Machi 9, 2020, jopo la majaji 11 wa mahakama hiyo hiyo likaurudisha, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuligusa shauri.

Kinachogombewa kinaweza kuonekana kwenye shingo ya gitaa. "Stairway" iko katika A maina, ngazi ya noti yenye sauti ya huzuni. Kidole cha shahada kinalala freti (nafasi kati ya vyuma vinavyogawa shingo) ya 5 kwenye nyuzi tatu nyembamba, na uzi wa nne unashikwa freti ya 7: hapo una A juu na A chini. Kisha mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Uzi wa nne unashuka freti moja moja, 7, 6, 5, 4, 3, yaani A, G shapu, G, F shapu, F (shapu ni noti iliyopandishwa nusu sauti). Uzi wa kwanza nao unapanda, freti ya 5, ya 7, ya 8, yaani A, B, C, halafu mkono mzima unaruka kwenda freti ya 2 kuchukua F shapu, na mwisho uzi wa kwanza unaachwa wazi utoe E. Baada ya hapo kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inapita G kwa haraka na kurudi A maina. Anayejifunza hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni freti ya 8: akinyoosha kidole kidogo, shahada inanyanyuka na noti za katikati zinakufa. Ya pili ni mkono wa kupiga. Noti ya juu na ya besi lazima zitoke pamoja, na kati yake kuna nyuzi mbili, kwa hiyo kipande kimoja cha plastiki cha kupigia nyuzi hakiwezi kazi hiyo bila kukwaruza nyuzi zisizotakiwa. Hapa dole gumba linabana na kidole cha pete, na ndiyo maana anayetumia kipande hicho pekee huupiga ukasikika kama umekatwakatwa.

Besi inayoshuka nusu sauti kwa nusu sauti kutoka kodi ya maina ni mali ya zamani mno. Henry Purcell aliitumia katika maombolezo ya malkia Dido, mwishoni mwa karne ya 17. Imo katika "Chim Chim Cher-ee" ya mwaka 1964, wimbo wa filamu ya watoto, na upande wa utetezi uliutaja mahakamani. Kwangu mimi ushahidi mzito zaidi uko kwa Led Zeppelin wenyewe: kwenye albamu yao ya kwanza, Januari 1969, kuna "Babe I'm Gonna Leave You", ambamo besi inashuka A, G, F shapu, F, E. Imeruka G shapu tu. Page alikuwa na njia hiyo mkononi kabla ya kuanza kuutunga wimbo tunaoujadili, na wapiga gitaa la nyuzi za chuma wa kizazi chake, Uingereza na Marekani, walikuwa wakiitembea kila siku.

Lakini wanaomlaumu Page hawasemi hewani, na hoja zao zinastahili kupimwa kwa haki. Desemba 26, 1968, Led Zeppelin walipopiga onyesho lao la kwanza Marekani, mjini Denver, Spirit walikuwa kwenye jukwaa hilo hilo. Katika maonyesho yao ya mwanzo Zeppelin walikuwa wakichomeka kipande cha "Fresh-Garbage", wimbo uliomo kwenye albamu ile ile yenye "Taurus". Na rekodi ya kundi hili katika kutaja watunzi ilikuwa mbaya. "Babe I'm Gonna Leave You" niliyoitaja ilitungwa na Anne Bredon, na jina lake halikuwekwa mpaka miaka ya 1990. Willie Dixon, mtunzi wa bluzi, alilazimika kwenda mahakamani miaka ya 1980 kwa ajili ya wimbo wao "Whole Lotta Love", na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Mtu mwenye historia kama hiyo akishukiwa, asilalamike. Isitoshe, upande wa mashtaka haukudai besi peke yake. Ulidai mchanganyiko: besi ile, muda wa kila noti, jozi za noti A na B, B na C, C na F shapu, na mwendo usiokatika wa noti nusu pigo. Kila kimoja ni cha kawaida. Vikikutana vyote pamoja, ubishi unakuwa wa maana, na majaji wawili kati ya wale 11 walisema wazi kwamba waamuzi raia walipaswa kuelezwa kuwa mchanganyiko wa vitu vya kawaida unaweza kulindwa na sheria. Wengi wa majaji walijibu kwamba hoja hiyo haikujengwa ipasavyo wakati wa kesi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya mashabiki kwamba mahakama "imethibitisha Page hakuwahi kuisikia Taurus". Hakuna mahakama iliyosema hivyo. Page mwenyewe alikana kuufahamu wimbo huo kabla ya ubishi kuzuka, lakini alikiri kwamba albamu ya Spirit imo katika maktaba yake ya santuri, na waamuzi raia walijibu swali la kama yeye na Plant walikuwa na nafasi ya kuusikia: walijibu ndiyo. Walichokataa ni swali lililofuata, la kufanana. Ushindi wa Led Zeppelin ulisimama kwenye kulinganisha, haukusimama kwenye kutojua. Anayeitetea bendi kwa kusema "hakusikia" anaitetea kwa hoja ambayo waamuzi waliikataa, na anaacha hoja nzuri zaidi ikiwa imelala.

Hoja hiyo nzuri zaidi ni jinsi wimbo ulivyojengwa. Page na John Paul Jones, mpiga besi na kinanda wa Zeppelin, walikuwa wamekula miaka ya katikati ya 1960 wakiwa wanamuziki wa kukodiwa katika studio za London, wanaopewa noti asubuhi na kurekodi nyimbo za watu wengine hadi jioni. Huko Page alifundishwa sheria moja: mwendo usiongezeke. Alipoanza kuunda wimbo huu mwaka 1970 aliamua kuivunja makusudi. Alitaka wimbo unaoanza polepole na kuongeza mwendo wenyewe, sehemu kwa sehemu, bila kurudi nyuma. Msingi ulirekodiwa Desemba 1970 katika studio za Island, Basing Street, jengo lililokuwa kanisa, fundi mitambo akiwa Andy Johns. Page alishika gitaa kavu aina ya Harmony, Jones akakaa kwenye kinanda cha umeme cha Hohner, John Bonham kwenye dramu. Maneno yalikuja Headley Grange, nyumba kuukuu huko Hampshire walikokuwa wakifanyia mazoezi. Bonham alikuwa akirudia mara kwa mara kipande cha gitaa la nyuzi 12 kinachotangulia solo, kwa sababu hesabu ya mapigo yake inateleza, na wakati huo Plant alikuwa ameketi pembeni anaandika. Sehemu kubwa ya maneno iliandikwa kwa mkao huo mmoja.

Sikiliza sasa jinsi tabaka zinavyopandishwa. Gitaa kavu linaanza peke yake. Karibu mara tu zinaingia filimbi za mbao, zote zikipulizwa na Jones na kurekodiwa moja juu ya nyingine, na sauti zake nzito ndizo zinazoupa mwanzo ule hali ya muziki wa kale wa Kiingereza. Plant anaanza kuimba kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika ya tatu zinaingia gitaa za umeme za nyuzi 12, moja kila upande wa spika, na kinanda. Bonham haingii mpaka dakika 4 na sekunde 18. Wimbo mzima ni dakika 8 na sekunde 2, maana yake zaidi ya nusu yake imepita bila dramu, na hakuna dakika hata moja ambayo msikilizaji anahisi kuna kitu kimepungua. Mpiga dramu mwenye nguvu kuliko wote wa enzi yake anasubiri dakika nne na ushei ili mlango ufunguke kwa wakati wake. Bendi nyingi zinazoupiga wimbo huu zinauharibu hapo: dramu zinaingia kwa pigo zito la moja kwa moja, mwendo unaruka badala ya kupanda, na sehemu ya mwisho inakosa mahali pa kwenda kwa sababu nguvu imeshamalizwa.

Wasikilizaji wa muziki wa dansi wanaujua vizuri mpango wa wimbo wenye sehemu mbili, uimbaji wa taratibu halafu sebene au chemko. Tofauti ni kwamba kwenye dansi mabadiliko huwa kama kufungua mlango: mpiga solo anatoa ishara na kila mtu anajua sasa ni kucheza. Page aliondoa mlango akaweka mwinuko. Ukisikiliza dakika yoyote na inayofuata huoni mwendo ukibadilika, lakini ukirudisha mwanzo mara tu baada ya mwisho unadhani ni nyimbo mbili.

Solo inaanza karibu na dakika ya sita. Chini yake kuna kodi tatu tu zinazozunguka, A maina, G na F, na Page anatembea kwenye skeli (ngazi) ya noti tano ya A maina ambayo kila mwanafunzi wa gitaa anaijua. Kinachoitenga solo hii na maelfu ya nyingine ni noti ya F. Haimo katika skeli hiyo. Kodi ya F inapofika, Page anashuka na kuikanyaga F yenyewe, kwa hiyo sikio linahisi solo inaongea na kodi badala ya kupita juu yake. Anayecheza kwa skeli ya noti tano peke yake atapata kila kitu isipokuwa kilio kile. Aliipiga kwa Fender Telecaster ya mwaka 1959 aliyopewa na mpiga gitaa mwenzake Jeff Beck, akabuni papo hapo mara tatu, akachagua moja. Mwisho, baada ya vurugu yote, vyombo vinanyamaza na Plant anabaki peke yake na mstari mmoja.

Albamu ilitoka Novemba 8, 1971. Kampuni ya Atlantic ilitaka wimbo huu utoke kama santuri ndogo, na meneja Peter Grant akakataa. Wasomaji wenye santuri za zamani za Afrika Mashariki wanakumbuka jinsi nyimbo ndefu zilivyokatwa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Wimbo unaojengwa kwa kupanda hauwezi kuvumilia kisu hicho, kwa sababu ukiukata katikati unauza ngazi isiyofika popote. Aliyetaka kuwa nao ilimlazimu anunue albamu nzima, na Marekani pekee ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 20. Jukwaani tatizo lilikuwa jingine: gitaa la nyuzi 6 na la nyuzi 12 yalihitajika ndani ya wimbo mmoja bila nafasi ya kubadilisha, ndipo Page akachukua Gibson EDS-1275 yenye shingo mbili, ambayo leo watu wanaiona kama pambo la umaarufu kumbe ilikuwa jibu la shida ya kazi. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huu kwenye orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Ukiweka yote hayo mezani, mwanzo ule wenye besi inayoshuka unabaki kuwa tofali la kwanza. "Taurus" ni kipande kizuri, chenye huzuni tulivu, lakini kinakaa palepale kilipoanzia. "Stairway" inaondoka hapo na hairudi tena. Ndiyo maana nasema ushindi ulikuwa wa haki.

Tatizo ni njia. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1909, iliyotawala tungo ambazo hazijachapishwa za miaka hiyo, kinacholindwa ni kile kilichowasilishwa kwa maandishi kwenye ofisi ya hakimiliki. Desemba 1967 mchapishaji wa Randy California aliinakili "Taurus" na kuwasilisha ukurasa mmoja wa noti. Ukurasa mmoja. Rekodi ambayo dunia inaijua haikuruhusiwa kuchezwa mbele ya waamuzi ili walinganishe. Walisikia wataalamu wakipiga kile kilichoandikwa. Na hata rekodi yenyewe isingekuwa na kinga ya sheria ya shirikisho, kwa kuwa kinga hiyo ilianza kwa rekodi za kuanzia Februari 15, 1972. Randy hakuwa mzembe: wakati ule ofisi haikupokea rekodi kwa ajili ya kusajili utungo. Mpiga gitaa, ambaye utunzi wake unaishi katika jinsi noti inavyoachwa ilie na nyingine inavyozimwa kwa kiganja, alilazimika kupimwa kwa lugha ambayo mara nyingi haiandiki vitu hivyo. Mpiga piano aliyesoma noti hapotezi mengi kwa utaratibu huo. Mtu wa gitaa anapoteza karibu kila kitu.

Hapo ndipo hukumu ya Sheeran inapotiliwa chumvi. Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliyoko New York, Novemba 2024, ilisema ulinzi wa "Let's Get It On" unaishia kwenye karatasi iliyowasilishwa mwaka 1973, na kwamba mfuatano wa kodi nne pamoja na namna zinavyowahi pigo ni vitu vya kawaida mno kumilikiwa na mtu mmoja. Haikusema nyimbo sasa ni za bure. Anayechukua kipande cha rekodi ya mtu na kukipachika kwenye wimbo wake bado anahitaji ruhusa. Anayechukua melodia bado yuko hatarini. Na kanuni ya karatasi inahusu tungo za zamani: tangu Januari 1, 1978, Marekani inakubali rekodi kuwa nakala ya utungo, kwa hiyo mpiga gitaa wa leo anaweza kusajili kile anachokisikia. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatosheka na kazi iliyoandikwa au iliyorekodiwa. Kwa muziki wetu, ambao solo, rithimu na besi zake hazikuwahi kupitia kwenye karatasi, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini kusajili rekodi kunatatua nusu tu. Nusu ya pili ni jina la nani linaandikwa. "Stairway to Heaven" imeandikwa kwa majina mawili, Page na Plant. Filimbi za Jones na kinanda chake, na ile subira ya Bonham ya dakika 4 na sekunde 18, havimo kwenye mstari wa utunzi, ingawa ukiviondoa unabaki na mwanzo mzuri wa gitaa na shairi. Bendi za dansi zina mfano wake kila kona: mwimbaji ndiye mtunzi kwenye lebo, na aliyebuni mstari wa gitaa ambao watu wanaupigia mluzi barabarani alilipwa posho ya usiku ule. Hilo haliamuliwi na jaji. Linaamuliwa kabla ya kuingia studio, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema sehemu ya kila mmoja kwa asilimia, na rekodi ya mazoezi yenye tarehe inayoonyesha nani alileta nini.